Hiyo Imeili Iko kwa Bango ni ya Nani?

Siku ukiwa na dakika kumi za kupoteza, shuka mtaani kwenu usome mabango. Usiangalie picha ya kusuka wala ile ya kuku wa kukaanga. Soma ule mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa herufi ndogo chini ya nambari ya simu. Hapo ndipo kuna sinema. Utapata fundi wa magari mwenye barua pepe ya msichana wa miaka kumi na sita, ina "cutie" mbele na mwaka wa kuzaliwa nyuma. Utapata duka la mbolea lenye anwani ya shabiki wa Arsenal. Utapata kinyozi ambaye imeili yake ina majina matatu, na hata moja si lake. Ukimuuliza huyu ni nani, anakuambia, "Ah, huyo ni msee wa saiba alinifungulia."

Sisi watu wa mtandaoni tunapenda sana kucheka hizo anwani. Mimi hutengeneza video na mabango ya biashara ndogo ndogo, ndiyo kazi yangu, kwa hivyo kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Buda, hapa chini tuweke imeili gani?" Karibu kila mtu anadhani swali ni la urembo: ipi inakaa fiti, ipi itafanya tuonekane kampuni kubwa. Kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: hiyo anwani ni ya nani? Sisemi jina la nani limeandikwa. Nasema nani anaweza kuifungua leo usiku, nani anaweza kuifunga kesho asubuhi, na mkikosana nani anaondoka nayo.

Najua kuna mtu tayari anasema, "Kwani nani bado anatumia imeili? Wateja wako WhatsApp." Ni kweli. Mteja wa kawaida hatawahi kukuandikia barua pepe maisha yake yote. Lakini shule ikitaka yunifomu mia mbili inaomba kwotesheni kwa imeili, na LPO inatumwa huko huko. Hospitali hivyo hivyo, hoteli hivyo hivyo. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu chini ya mpango wa AGPO, na kujisajili kwenyewe ni mtandaoni. Halafu jiulize: ukisahau paswadi ya Instagram ama ya TikTok ya biashara, ile linki ya kuirudisha mara nyingi inatumwa wapi? Hiyo imeili unayoidharau ndiyo mzizi. Page yako yenye wafuasi elfu tisa ni tawi tu.

Wazazi wetu walielewa hii maneno kuliko sisi. Enzi za barua za karatasi, mtu wa kijijini mara nyingi hakuwa na sanduku lake la posta. Barua yake ilipitia shuleni ama kanisani: jina lake juu, chini yake jina la shule, halafu S.L.P. ya shule, halafu mji. Ufunguo ulikuwa kwa mwalimu mkuu. Mwalimu akiwa amekosana na babu yako kuhusu mpaka wa shamba, barua inaweza kulala ofisini muhula mzima. Na hakuna mtu alijidanganya kwamba sanduku ni lake eti kwa sababu jina lake liko kwa bahasha. Mwenye ufunguo ndiye mwenye barua. Ilikuwa rahisi kujua kwa sababu ufunguo ulikuwa chuma, unauona ukining'inia kwa mshipi wa mtu. Paswadi haining'inii mahali, ndiyo maana tunasahau kuuliza iko kwa nani.

Sasa nikuambie vile hii kitu iliingia kwetu nyumbani.

Mathe wangu hufuma masweta ya shule. Ana mashine mbili na kibanda pale Kayole. Alipoanza hakuwa peke yake, alikuwa na mwenzake wa chama, mama mmoja mwenye maneno matamu na simu nzuri. Mathe alikuwa mikono, mwenzake alikuwa mdomo. Yeye ndiye aliyeongea na shule, aliyeandika bei, aliyepokea oda. Imeili ya biashara ilikuwa yake, ina jina lake la kwanza na la pili, kwa sababu siku shule ya kwanza ilipouliza, yeye ndiye alikuwa nayo. Hakuna aliyekaa chini akaamua. Walihitaji anwani, mmoja alikuwa na anwani, mambo yakaenda.

Miaka minne baadaye wakakosana kuhusu pesa ya uzi. Sitasema nani alikuwa na haki, maana kila mmoja alikuwa na daftari lake na hesabu zake. Waligawana mashine. Waligawana uzi uliobaki kwa rangi. Waligawana hata viti vya plastiki, mbele ya mashahidi wa chama, kistaarabu kabisa. Halafu Januari ikafika. Kama unajua biashara ya yunifomu, unajua Januari ndiyo mavuno, miezi hiyo mingine ni kupalilia. Shule mbili ambazo watoto wao walikuwa wamevaa kazi ya mikono ya Mathe miaka hiyo yote zilituma oda mahali zilipozoea kutuma. Zikajibiwa vizuri. Masweta yakafika. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyejua kwamba mtu aliyefuma yale ya mwaka jana alikuwa ameketi Kayole, mashine imenyamaza.

Watu hupenda nikisema yule mama aliiba, stori inakuwa tamu. Hakuiba. Alienda na imeili yake, na wateja walikuwa ndani. Katika ule mgao wote, wa mashine na viti na uzi wa maruni, hakuna aliyetaja kitu kilichokuwa na thamani kuliko vyote, kwa sababu hakikuwa pale kibandani mtu akakiona.

Sasa Mathe akataka kuanza upya. Akaniambia, "Si mimi pia niko na yangu? Tuweke hiyo." Na kweli alikuwa nayo. Watu wengi wa rika lake wako nayo hata kama hawajui, kwa sababu ukitaka PIN ya KRA kwa iTax lazima uweke imeili. Walifunguliwa na kijana wa saiba, dakika tano, ulipe kidogo, uende. Kijana ana foleni, kwa hivyo pale pa nambari ya kurejesha akaunti anaweka yake, halafu anakuandikia paswadi kwa kipande cha karatasi. Karatasi inafuliwa na sketi. Ndiyo maana kila Juni, watu wakikimbizana na ritani kabla ya tarehe 30, saiba zinajaa watu wazima wanaotafuta paswadi ya imeili zao wenyewe.

Saiba ya Mathe siku hizi ni mahali pa kuuza kuku. Tulipiga ile nambari ya kijana, akapokea mama mmoja wa Kitale, amenunua hiyo laini juzi tu. Laini ikikaa sana bila kutumika kampuni huirudisha sokoni. Fikiria hapo: mtu wa Kitale, mama mzuri tu, hana habari, lakini msimbo wa kufungua barua za mamangu ungeingia kwa simu yake.

Mimi naelewa haya mambo kutoka upande mwingine pia. Nilitoka chuo mwaka wa tatu, karo ilikataa, na hiyo ni stori ya siku nyingine. Chuo kilikuwa kimenipa anwani inayoishia ac.ke, na wacha nikuambie, hiyo kitu ina heshima. Ukiandikia mtu nayo anakujibu na "Bwana" mbele. Bahati nzuri kazi zangu za video hazikuwa huko. Lakini muhula ulipoanza bila jina langu kwa orodha, mlango ulifungwa. Noti zangu, jumbe za kikundi, barua moja ya mhadhiri aliyeniandikia maneno mazuri ambayo ningependa kuyasoma tena siku zingine. Hakuna mtu alinikosea, ndivyo kanuni zilivyo. Ile anwani ilikuwa na jina langu kamili mbele ya alama ya @, lakini nyuma yake ilikuwa nyumba ya wenyewe. Jina la mbele ni la mpangaji. Mwenye nyumba yuko nyuma.

Basi jioni moja tulikaa, Mathe, sistangu wa miaka kumi na saba, na mimi, tukachagua. Nitakupa vile tulifanya, ujaribu na yako.

Kwanza tulipima kwa masikio. Sistangu alienda steji, pale matatu zinapiga honi na makanga wanaita, nasi tukamsomea kila jina kwa simu. Akiliandika vibaya mara mbili, limeanguka. Utashangaa vile majina mazuri kwa macho huanguka kwa masikio. Nambari zote zilianguka: "nne ni tarakimu ama niandike neno?" Kistari cha chini kilianguka, maana nusu ya watu hawajui kiko wapi kwa kibodi. Neno lolote lenye z mahali pa s lilianguka. 254 iliondoka mapema, kila biashara Kenya iko nayo na hakuna anayekukumbuka kwa sababu yake. Kuhusu doti, jua hili: Gmail haihesabu doti zilizo mbele ya @, wala haijali herufi kubwa na ndogo. Ukiweka doti ama usiweke, barua inafika sanduku lile lile. Huduma zingine nyingi hazifanyi hivyo, kwa hivyo ukiweza iache kabisa.

Pili, jina lisiwe na tarehe ya kuharibika. Usiweke mwaka. Usiweke mtaa, kwa sababu vibanda vya barabarani tunajua vile huamka vimebomolewa, na wewe utahamia kwingine. Usiweke bidhaa moja kama bado unakua. Mathe alitaka neno "masweta" liwe ndani. Nikamuuliza, "Na zile trakisuti unataka kuanza?" Akacheka, akalitoa mwenyewe.

Tatu, liwe jina la biashara ama jina la kazi. Hii ndiyo ilileta ubishi. Wahandisi wa intaneti waliandika zamani, mwaka 1997, orodha ya majina ambayo kampuni itumie mbele ya @, ndiyo hayo info, sales na support unayoona kila mahali. Maana yake ni hii: barua iende kwa kazi, na mtu anayefanya hiyo kazi anaweza kubadilika bila mteja kusumbuka. Kwa Kiswahili weka oda, weka habari, weka chochote mteja wako anaelewa. Lakini Mathe alikataa. Alisema, "Wewe kijana, watu wananijua mimi. Wakiona jina lingine watasema nimeuza biashara."

Sikumpuuza, kwa sababu ni ukweli. Mtaani watu hununua kwa mtu kabla ya kununua kwa duka. Tulichofanya ni hiki: anwani yenyewe ikawa ya biashara, lakini lile jina linaloonekana mteja akipokea barua lina jina la Mathe pia, na chini ya kila barua kuna jina lake na nambari yake. Mteja anamwona yeye. Ufunguo ni wa biashara.

Halafu kuna swali la nyuma ya @. Ukiwa na pesa kidogo unaweza kununua jina lako linaloishia co.ke. Majina yote ya .ke yanasimamiwa na KeNIC, na unanunua kwa wauzaji walioidhinishwa, mara nyingi kama shilingi elfu moja hivi kwa mwaka, halafu huduma ya barua unalipia kando. Faida yake ni kama kuhama mtandao wa simu na nambari yako: ukichoka na kampuni inayokuhifadhia barua, unaenda kwa nyingine na anwani inabaki ile ile. Lakini chunga. Mara nyingi yule msee anayekutengenezea tovuti anasajili hilo jina kwa majina yake na imeili yake, "nitakusaidia tu kulipia." Hapo umerudi kwa mwalimu mkuu. Mwambie ajaze majina yako, na taarifa ya kulipia tena ije kwako.

Kama hiyo elfu haipo, Gmail ni sawa. Hakuna shule imewahi kukataa sweta kwa sababu ya Gmail. Google ndiye mwenye nyumba, ndiyo, lakini hana ugomvi na wewe wa uzi. Anachotaka ni uonekane: akaunti isipoguswa miaka 2 anaweza kuifuta na kila kitu ndani. Mathe alianza na Gmail, na bado yuko hapo.

La mwisho tulitenganisha milango. Anwani iliyo kwa bango inajulikana na kila mtu, pamoja na wezi. Kwa hivyo isiwe ile ya benki, isiwe ile ya KRA. Ya bango ni mlango wa duka, acha watu waingie na matope yao. Ya benki ni mlango wa chumba cha kulala, haiandikwi mahali. Mwizi akijua anwani tayari ana nusu ya safari, usimmalizie. Zote mbili ziwekee uthibitisho wa hatua mbili, na nambari ya kurejesha iwe laini inayotumika kila siku, iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwenye biashara.

Tulipofika hapo Mathe alinyamaza, halafu akauliza kitu ambacho mimi nilikuwa naogopa kuuliza. "Na nikiumwa?"

Kwetu hakuna mtu huuliza mama yake hilo swali. Utaonekana unahesabu mali. Lakini aliliuliza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, na jibu likawa rahisi: sistangu ana ufunguo wa pili. Paswadi imeandikwa, iko kwa bahasha, ndani ya kopo la vifungo. Mwaka jana Mathe alienda matanga Bungoma akakaa wiki mbili, mtandao unakuja ukienda. Oda ya masweta sitini ikaingia, kijani, mstari mweupe shingoni. Sistangu akajibu akiwa kitandani, akatuma bei ile ile ya Mathe, akaweka jina la Mathe chini. Aliporudi alipata uzi umeshanunuliwa.

Sasa nikurudie wewe unayesoma, kwa sababu najua umri wako. Nyumbani wewe ndiye saiba. Ni wewe uliyemfungulia mamako imeili ya saluni, babako ile ya boda, shangazi ile ya keki. Uliweka nambari yako pale pa kurejesha ndiyo kazi iende haraka. Paswadi iko kwa kichwa chako, pengine ni jina la mtu uliyekuwa unampenda kidato cha tatu. Na wewe una mipango: chuo, Qatar, kuoa, kuhama, hata kukosana tu na wazee kama vile sisi sote hukosana. Siku hiyo utabeba nguo zako, na bila kuiba chochote utaondoka na biashara ya mtu.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kushika simu kwa mambo mengine, keti na yeye dakika ishirini. Badilisha nambari ya kurejesha iwe yake. Badilisha paswadi, na achague yeye. Mwambie aingie kwa simu yake mwenyewe, peke yake, wewe ukiwa umeangalia pembeni. Atakosea mara mbili, atakasirika, atakuambia "si ufanye tu wewe." Usifanye.